Mkulima wa Njoro na Tumbo Lake

Karibu na Njoro, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini Nakuru, yupo mkulima mmoja ambaye majirani zake wote humheshimu. Jina lake halina haja ya kutajwa, maana habari yake ni habari ya watu wengi. Ana shamba la ekari 5, na humo hulima mahindi, viazi na maharagwe. Tena hufuga ng'ombe wa maziwa. Kabla ya kurudi shambani alikuwa karani wa ghala mjini Nakuru kwa muda wa miaka 24, na katika miaka hiyo yote hakuchelewa kazini, wala hapana mtu aliyemwona ameanguka njiani. Kwa hiyo alipoambiwa na daktari mwaka 2019 kwamba pombe imemharibu tumbo, hakusadiki. Alijibu kwa adabu, lakini kwa uthabiti, kwamba yeye si mlevi.

Na kweli hakuwa mlevi kwa namna watu wengi wanavyolitumia neno hilo. Mlevi, kwa maneno ya watu, ni yule ayumbaye barabarani, atukanaye wakwe zake, na kulala mtaroni hadi alfajiri. Mtu huyu hakuwa hivyo. Alianza kunywa mwaka 1988, alipopata mshahara wake wa kwanza: chupa 2 za bia jioni ya siku ya malipo, pamoja na makarani wenzake. Baada ya miaka michache zikawa chupa 2 kila Jumamosi, kisha 3 kila jioni. Alipoacha kazi na kurudi Njoro mwaka 2012, fedha zilipungua, akahamia kwenye vinywaji vya bei rahisi: chupa ndogo za pombe kali na, mara kwa mara, chang'aa. Alikunywa polepole, akaenda zake nyumbani, akala chakula chake, akalala. Miaka 31 ilipita namna hiyo.

Mwezi wa Machi mwaka 2019, watu walipokuwa wakitayarisha mashamba kabla ya mvua, alianza kuona mambo ambayo hakuyatilia maanani. Alishiba upesi, nusu ya sahani ya ugali ilimtosha. Asubuhi alisikia kichefuchefu, naye alikituliza kwa maziwa. Kichwa kikimwuma, alimeza vidonge vya aspirini. Akipanda mteremko mdogo wa shamba lake, ilimbidi asimame mara 2 au 3 apumzike. Alisema ni uzee, ingawa umri wake ulikuwa miaka 54 tu.

Binti yake, aliyekuwa akijifunza kazi ya uuguzi, alikuja nyumbani wakati wa likizo. Jioni ya kwanza alimtazama baba yake akila, akakishika kiganja chake, akakiona cheupe. Akamtazama na ndani ya kope za macho, napo hapana wekundu. Kisha akauliza, “Baba, choo chako kina rangi gani siku hizi?”

Swali hilo si jepesi kwa binti kumwuliza baba yake. Mama aliinuka akaenda jikoni, na nyumba ikawa kimya. Baba alikasirika, akasema hayo si maneno ya kusemwa mezani. Lakini binti hakuondoka, wala hakuinua sauti, alikaa akingoja. Hatimaye baba akajibu kwamba kwa muda wa wiki 2 choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na kwamba alidhani ni kwa ajili ya mboga. Binti akasema, “Si mboga, baba. Ni damu.”

Asubuhi yake walipanda matatu kwenda Nakuru, na huko hospitali alipimwa damu ikaonekana imepungua sana, hata ikabidi aongezewe chupa 2. Siku iliyofuata daktari alimpitishia kooni mpira mwembamba wenye taa na kamera ndogo katika ncha yake, ili aone ndani ya tumbo, yaani ule mfuko upokeao chakula. Baadaye alimwonyesha picha zake. Mahali palipopasa kuwa na rangi ya waridi iliyo laini, palikuwa pekundu sana, pamevimba, tena pana madoa mengi madogo ya damu.

“Mzee,” alisema daktari, “sikuona kidonda kimoja. Tumbo lote limechubuka.”

“Lakini, Daktari, haliniumi.”

“Mkono ukichubuka, ngozi hukwambia papo hapo. Ngozi ya ndani ya tumbo haisemi hivyo. Hukaa kimya hata mambo yakawa mabaya.”

Maneno hayo ya daktari ndiyo yafaayo kufikiriwa na kila mtu anywaye pombe na kujiona mzima. Ili kuyafahamu, ni lazima kwanza kujua kazi ya tumbo lenyewe.

Kila siku tumbo la mtu mzima hutoa kiasi cha lita moja na nusu hadi lita mbili za maji makali yenye asidi. Maji hayo huua vijidudu vingi viingiavyo pamoja na chakula, tena huanza kuiyeyusha nyama. Basi hapa pana jambo la ajabu. Tumbo nalo ni nyama. Mbona halijiyeyushi lenyewe? Sababu ni kwamba limevikwa ndani utando wa ute mzito, na chini ya ute huo mna chumvi ya namna ya magadi ambayo huipoza asidi kabla haijaufikia ukuta. Tena chembe za ukuta zimeshikana karibu karibu kama matofali yaliyojengwa vizuri, na damu nyingi hupita nyuma yake ikiondoa asidi yoyote iliyopenya. Zaidi ya hayo, chembe za juu haziishi sana. Kila baada ya siku 3 hadi 7 hivi huanguka, na mpya huchukua mahali pake. Kwa hiyo ngozi ya ndani ya tumbo hujengwa upya maisha yote ya mtu.

Mkulima wa Njoro alipoelezwa hayo aliyalinganisha na udongo. Alijua kwamba shamba la mteremko lenye nyasi na matuta hupokea mvua kubwa bila madhara. Lakini nyasi zikiisha kuchomwa na matuta kubomolewa, mvua ile ile huuchukua udongo na kuacha makorongo. Mvua haikubadilika, kilichoondoka ni kifuniko. Ndivyo ilivyo asidi katika tumbo, na pombe ni moto unaokichoma kifuniko hicho.

Pombe ikifika tumboni huharibu ute na kulegeza mshikamano wa chembe, hasa ikiwa ni kali. Asidi hupata nafasi, hurudi ukutani, na mishipa midogo ya damu huvimba na kupasuka. Pombe zilizochachuliwa tu bila kukenekwa, kama bia, humfanya mtu atoe asidi nyingi zaidi, kwa hiyo hushambulia kwa njia nyingine. Tena mwili unapoivunja pombe hutengeneza sumu iitwayo asetaldehaidi, nayo hudhuru chembe. Aspirini ikiongezwa juu yake, madhara huzidi, kwa sababu dawa hiyo huzuia kitu katika mwili ambacho huliamuru tumbo kutengeneza ute. Karani aliyekunywa jioni na kumeza aspirini asubuhi, alikuwa akichoma nyasi na kubomoa matuta kwa wakati mmoja.

Yako mashauri mawili ya vilabuni ambayo yalimdanganya, nayo huwadanganya wengi. La kwanza ni kwamba bia si pombe, ila ni kinywaji cha kutia nguvu. Hesabu yake ni rahisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya sehemu 4 katika 100 ina mililita 20 za pombe tupu. Kikombe kidogo cha mililita 50 za pombe kali ya sehemu 40 katika 100 kina mililita 20 vile vile. Hivyo mtu anywaye chupa 3 za bia kila jioni ameingiza pombe sawasawa na yule anywaye vikombe 3 vya pombe kali, ingawa hii ya pili hulichoma tumbo zaidi kwa ukali wake. Shauri la pili ni kwamba maziwa hulilinda tumbo. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu. Baadaye tumbo hutoa asidi tena ili kuyeyusha maziwa yenyewe.

Kuhusu kimya cha tumbo, uko ushuhuda wa zamani sana. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mchukuzi wa kampuni ya ngozi za wanyama, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya ubavuni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimwuguza akapona, lakini tundu lilibaki ambalo kwalo tumbo lingeweza kutazamwa kutoka nje. Kwa miaka mingi Beaumont alilichungulia, na mwaka 1833 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Miongoni mwa hayo ni kwamba, baada ya St. Martin kunywa pombe kali kwa siku kadhaa mfululizo, ngozi ya ndani ilikuwa nyekundu na yenye vidonda vidogo. Lakini mwenyewe alisema hana maumivu, ni mzima, na chakula anakitamani. Alipoacha kunywa, ngozi ilirudia hali yake baada ya siku chache. Hiyo ni habari ya karibu miaka 200, nayo yafanana sana na ile ya mkulima wa Njoro. Tofauti ni kwamba mmoja alikunywa siku chache, na mwingine miaka 31.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa jambo lote. Tumbo husamehe likipewa nafasi. Wazee wa zamani wa Bonde la Ufa nao walikuwa na pombe zao. Wakalenjin walikunywa pombe ya nafaka kutoka katika chungu kimoja kwa mirija mirefu. Wakikuyu walikuwa na muratina, iliyotengenezwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachuliwa kwa tunda la mwegea. Lakini zilikuwa pombe za wazee, na za shughuli: mahari, tohara, baraka, mapatano. Vijana hawakuruhusiwa kukaa penye chungu. Baina ya shughuli moja na nyingine zilipita siku nyingi, na katika siku hizo tumbo lilijenga ukuta wake upya. Si kwamba pombe ya wazee haikuwa na madhara, la. Ila haikuja kila jioni.

Siku hizi pombe haingoji shughuli. Shayiri ilimwayo Mau Narok na Molo hununuliwa na kufanywa kimea cha bia, na bia hiyo hurudi Nakuru na Njoro kwa malori kila wiki. Serikali imejaribu kuweka mipaka. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo watu waliipa jina la John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha wakati huo, iliwekea vilabu saa za kufungua na kufunga. Sheria hiyo iliiondoa ile ya mwaka 1980 iliyokataza chang'aa kabisa, ili itengenezwe kwa kanuni au isitengenezwe. Hata hivyo hakuna sheria iwezayo kuhesabu jioni za mtu mmoja mmoja.

Watu huogopa sana pombe yenye sumu ya methano, na wana haki kuiogopa. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini mjini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei mwaka 2014 msiba kama huo ulitokea tena katika kaunti kadhaa za Kenya. Habari hizo zilipofika Njoro, mkulima yule alimshukuru Mungu kwamba yeye huchagua muuzaji wake kwa uangalifu. Hakufikiri kwamba pombe isiyo na methano nayo ina kazi yake, isipokuwa haina haraka.

Kazi hiyo ya polepole ina hatua zake. Kwanza ngozi huvimba na kuwa nyekundu, na mtu huona kiungulia au haoni kitu. Kisha hutokea michubuko itoayo damu kidogo kidogo, mpaka mtu akapungukiwa na damu asijue inakwenda wapi. Miaka ikiwa mingi, ukuta huweza kuwa mwembamba, na tezi zake zikapungua. Hapo tumbo hushindwa kuusaidia mwili kupata vitamini B12, ambayo ni ya lazima kwa damu na kwa mishipa ya fahamu. Saratani pia haiko mbali. Tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu pombe miongoni mwa vitu vijulikanavyo kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya kinywa, ya koo, ya umio na ya ini.

Ni haki kusema pia kwamba si kila ugonjwa wa tumbo hutoka katika pombe. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kiishicho ndani ya ute wa tumbo, kiitwacho Helicobacter pylori, nacho ndicho kisababishacho vidonda vingi vya tumbo. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Katika Afrika watu wengi wanacho tangu utotoni. Mkulima wa Njoro alipopimwa, alionekana anacho, naye alitaka kukitwika kijidudu hatia yote. Daktari alikubali kwamba kijidudu kina sehemu yake, akampa dawa za kukiua kwa siku 14, pamoja na dawa za kupunguza asidi. Kisha akamwambia kwamba shamba lenye panya na moto haliponi kwa kutega panya peke yake.

Basi akaacha pombe. Hakuacha nyumbani kwa ghafla, bali chini ya uangalizi hospitalini, kwa sababu mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatiza mara moja huweza kutetemeka, kuweweseka, na hata kushikwa na kifafa. Siku 5 za kwanza zilikuwa ngumu. Ng'ombe mmoja aliuzwa kwa gharama za matibabu, na binti alirudi chuoni akiwa amechelewa muhula mzima, maana karo yake ilikuwa imetumika. Baba alilitambua jambo hilo bila kuambiwa. Mkewe hakumlaumu, alimwambia tu kwamba ng'ombe hununuliwa.

Baada ya miezi 3 alipitishiwa mpira ule kwa mara ya pili. Wekundu ulikuwa umeondoka karibu wote, madoa ya damu hayakuwapo, na damu mwilini ilikuwa imerudi. Mahali pamoja tu, upande wa chini wa tumbo, ngozi ilionekana imebaki nyembamba, na daktari alimwambia kwamba patahitaji kuangaliwa tena kila baada ya muda. Chembe za tumbo zilikuwa zimefanya katika siku 90 kazi ambayo hazikupata nafasi ya kuifanya katika miaka 31, ila hazikuweza kurudisha kila kitu.

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya tumbo, ufa hauonekani kwa macho, kwa hiyo ni lazima mtu azijue dalili zake. Anayeshiba upesi kuliko kawaida, anayesikia kichefuchefu cha asubuhi, anayechoka bila sababu, au mwenye kiungulia kisichokwisha, na huku anakunywa, aende kupimwa. Tena asijitibu kwa aspirini. Anayeona choo cheusi kama lami, au anayetapika damu au kitu kifananacho na unga wa kahawa, asingoje kuche. Aende hospitali saa ile ile. Na aliye mzima leo, ambaye hunywa kila jioni na kusema kwamba haumwi, akumbuke kwamba hata mkulima wa Njoro alisema hivyo hivyo.

Mkulima huyo sasa ana ng'ombe 3. Jioni, wakati ambao zamani alishika njia ya kilabuni, hukamua maziwa na kuyapeleka mwenyewe mahali yanapokusanywa. Binti yake alimaliza mafunzo ya uuguzi. Kila ajapo nyumbani bado hukishika kiganja cha baba yake na kukitazama kabla ya kuketi, na baba, ambaye zamani alikasirika, sasa humnyoshea mkono bila kuambiwa.